Tulivyolipeleka Tanga Tairi Lililochubuka

Wenzangu wa kundi letu la Malindi ya Lushoto, nimewatumia sauti tano na bado mnaniuliza vipande vipande. Huyu anauliza habari za Tanga, yule anauliza kama ni kweli tuligombana na fundi viatu Korogwe, na mwingine, simtaji, anauliza tu kama nimeleta samaki. Basi nimekaa chini niandike yote, tangu tulipowasha gari mpaka juzi pale kwenye kupakia. Habari za risiti na karatasi siziandiki, zitawachosha. Ila someni hadi mwisho, maana mwishoni kuna jambo nataka mlisikie kwangu mimi mwenyewe, si kwa jirani.

Kabla ya kutoka

Kwa walioingia kundini karibuni: mimi ndiye Mama Zuhura, na mimi na mdogo wangu Salehe tuna lori moja la tani saba tuliloachiwa na marehemu baba. Salehe ndiye dereva, mimi ndiye mtafuta mzigo. Kwa miaka mingi kabichi, karoti na viazi vya nusu ya kijiji vimeshuka mlimani kwa gari letu.

Mwaka jana nikanunua matairi ya kuvalishwa upya, yale tunayoita ritredi. Tairi likiisha kashata, zile nundu za juu zinazokamata barabara, linakwanguliwa, linabandikwa raba mpya yenye kashata zake, linaokwa, linarudi kazini. Salehe hakuyataka hata kidogo. Alisema hawezi kuendesha gari lililovaa viraka. Nikamwambia mbona shati alilovaa ni mtumba na hajalalamika? Tukayafunga nyuma.

Miezi mitatu haikuisha. Tulikuwa tunakwenda Dar, tumefika karibu na Mkata, jua la saa nane, mara tairi moja la nyuma, la upande wa ndani, likachubuka ngozi karibu yote. Loo! Lilipiga bodi kama mtu anayevunja mlango. Lori likalala pembeni ya barabara siku mbili, na kabichi za jirani yetu Mama Elia, shamba zima, zikaoza tukizitazama.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Salehe alisema kosa ni la tairi. Mimi niliyelinunua nikasema kosa ni la dereva. Na kwa kuwa mdomo mnaujua ni wa nani katika familia yetu, neno langu ndilo lililotembea. "Salehe anakimbiza gari." Lilitoka Malindi, likafika sokoni Lukozi, likarudi limenenepa. Watu wakaanza kupakia kwa wengine. Salehe, ambaye hajawahi kuangusha hata tenga moja la nyanya, akaanza kuitwa Mbio.

Sasa msimu wa kabichi umefika tena na matairi yote sita yamebaki vipara. Nikasema turudi kwenye ritredi, tena safari hii tuyavalishe haya haya ya kwetu. Salehe akaweka ufunguo mezani.

"Dada, nitakupeleka Tanga kwa watu wanaovalisha matairi," akasema. "Na lile lililochubuka tulibebe. Wakilitazama wakasema ni mwendo wangu, nashuka kwenye gari hili na sipandi tena. Wakisema ni tairi, wewe utawaambia watu."

"Haya," nikasema. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Na niseme kweli, moyo ulikuwa unanirukaruka kwa furaha, maana nilikuwa sijawahi kufika mahali ambapo tairi huzaliwa mara ya pili.

Malindi hadi Soni

Tulitoka alfajiri, nimejifunga vitenge viwili na koti la Salehe juu yake. Baridi ya Magamba mnaijua. Tairi lile lililochubuka lilikuwa nyuma peke yake, linarukaruka kila tunapopita shimo, nami nikawa nageuka kulichungulia kana kwamba ni mgonjwa tunayempeleka hospitali. Salehe aliendesha taratibu mno. Nadhani alikuwa ananionyesha.

Tulipita Lushoto vizuri. Karibu na Soni tukakuta foleni, kumbe mvua ya usiku ilikuwa imeshusha udongo na mawe barabarani na greda lilikuwa bado linasukuma. Saa tatu nzima! Mimi sikuchukia. Kina mama walitokea na mahindi ya kuchemsha na mapeasi, nikanunua, nikashuka, nikaanza kuuliza kila dereva aliyesimama, "Eti, wewe una maoni gani kuhusu ritredi?"

Mmoja mwenye lori la mbao, mtu mnene mwenye sauti, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Mama, usiniambie habari hizo! Ritredi ni kifo. Mimi tajiri wangu akinifungia ritredi, siku hiyo hiyo naacha kazi. Nina miaka sita kwenye mlima huu, nakanyaga matairi mapya tu."

Salehe akaja mbio kusikiliza, uso umemng'aa. Alikuwa amempata wa kumsaidia.

Nami, kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu na tairi lake la nyuma, nikainama nikalitazama. Mkishawahi kununua ritredi hamtaisahau alama yake. Juu ya bega la tairi kuna mstari mwembamba unaozunguka, pale raba mpya inapokutana na mwili wa zamani, kama pindo la sketi. Nikapitisha kidole. Ulikuwepo.

"Kaka," nikamwambia, "na hili je?"

Akainama. Akalitazama la pili. Akapita upande wa pili wa gari. Akarudi. "Manne," akasema kwa sauti ndogo. "Yote manne ya nyuma." Akatoa simu ampigie tajiri, mtandao ukakataa, na watu wote wa foleni wakaangua kicheko mpaka aliyekuwa kwenye greda akazima aje aulize kuna nini. Yule bwana mwenyewe mwishowe akacheka. Akakiri kwamba matairi yale yana miezi saba na hayajamsumbua hata siku moja.

Njia ilipofunguka, Salehe alikaza macho barabarani. Mimi nilikuwa natafuna peasi nikitabasamu dirishani.

Mombo

Kushuka kutoka Soni mpaka Mombo ni kona juu ya kona, na breki zinafanya kazi kuliko injini. Tukifika chini ni joto la kukufanya uvue kitenge kimoja hata kabla gari halijasimama. Salehe alikwenda kuagiza wali maharage na mchicha. Mimi nikafanya kazi yangu.

Hii kazi watu wa tambarare hawaijui, lakini sisi wa mlimani tumeikuta. Upepo wa matairi unajazwa juu kwenye baridi. Ukishuka Mombo na breki zote zile, ukiligusa tairi linachoma kama sufuria. Limejaa joto, litapasuka. Basi unalipumzisha. Unatafuta kijiti, unabonyeza valvu, unahesabu, psss, linapumua, unakwenda zako tambarare kwa amani. Baba alinifundisha nikiwa binti, na tangu Salehe alipoanza kuendesha, kazi hiyo ni yangu. Nyuma matairi hukaa mawili mawili kila upande, basi ya nje, kama ya mbele, nahesabu mpaka thelathini. Ya ndani, kwa kuwa yamebanwa na wenzao na hayapati hewa, nayahurumia, nahesabu mpaka hamsini.

Nikamaliza, nikanawa, nikala wali wangu wote na nusu ya wa Salehe. Nilikuwa najisikia mtu wa maana sana.

Korogwe

Korogwe tulisimama kununua machungwa na kuongeza maji ya rejeta. Hatukukaa hata robo saa. Tunarudi kwenye gari, namwona mzee mmoja ameshateremsha tairi letu, amelikalia, na kisu chake kimeshakata kipande cha ukubwa wa kiganja!

"Wewe mzee!" nikapiga kelele. "Huo ni ushahidi wetu!"

Watu wakajaa mara moja. Wakisikia neno ushahidi wanadhani kuna mtu ameuawa. Mzee mwenyewe, Mzee Mhina, fundi wa makatambuga, vile viatu vya raba ya tairi, hakushtuka hata kidogo. Kumbe kuna gari la mlimani lilimwahidi tairi bovu siku hiyo, na kijiwe chake kiko hatua kumi kutoka tulipoegesha. Aliona gari lenye tope la Soni, aliona tairi bovu, akajua mzigo wake umefika.

Salehe akamwamkia kwanza. "Shikamoo mzee. Tusamehe, dada yangu ana haraka ya maneno."

"Marahaba, mgoshi, kijana wangu. Wala msigombane, hata silitaki." Akainua kile kipande alichokata, akakivunja kwa vidole viwili kama mkate uliokauka. "Mnaona? Raba ya kiatu inatakiwa ikunjike. Hii imeungua. Tena imeungulia ndani, huku nje ni nzima. Hili halifai hata kandambili za msikitini."

"Si unaona!" Salehe akanigeukia. "Tairi bovu tangu mwanzo!"

"Limeungua kwa mbio zako!" nikamjibu.

"Mbio gani za kuunguza ndani?"

Tukabishana pale pale mbele ya watu, kila mmoja akishika upande wake wa tairi, mpaka Mzee Mhina akatupatia machungwa mawili akatuomba tuhamie mbele kidogo maana tunamzibia wateja. Tulipanda. Tangu hapo mpaka Muheza hatukuzungumza. Lakini kile kipande nilikuwa nimekitia mkobani, na kila mara nilikitoa nikakivunja kidogo. Kilikuwa kinamomonyoka kweli. Hapo kwa mara ya kwanza nikaanza kuwa na mashaka na ritredi zangu.

Tanga

Tulilala kwa binti wa shangazi yetu, na asubuhi mapema tukawa getini kwa wavalishaji wa matairi.

Jamani, laiti ningewachukua wote! Nilitegemea kibanda na fundi mwenye nyundo. Ni banda kubwa, na harufu ya raba inakupokea toka barabarani. Kuna mashine inazungusha tairi kipara huku inalikwangua, na raba inatoka kwa nyuzi ndefu kama karoti kwenye kikwaruzo. Linabaki mwili mtupu, lina haya, utalihurumia. Kisha linavalishwa ukanda mpya wenye kashata, linafungwa vizuri, linasukumwa kwenye tanuri refu pamoja na wenzake, mlango unafungwa. Yanapotoka yana kashata za kuchoma kidole! Nikawa napiga makofi peke yangu. Salehe alijifanya hanijui.

Mkaguzi wao ni mwanamke, Fundi Mishi, mwembamba, ana taa kichwani kama mchimba madini. Akatuamkia wote wawili, akaanza na lori kabla hata ya kugusa tairi letu la kesi. Alipitisha kipimo cha upepo kwenye tairi moja hadi jingine, matairi yakiwa yamelala usiku kucha na yamepoa. Nikaona anakunja uso.

"Haya yamepungua sana. Na ya ndani yamepungua zaidi ya ya nje. Yote mawili sawa sawa. Ajabu, pancha haifanyi hivi."

Akalichukua lile lililochubuka, akalipanua, akaingiza kichwa na taa yake ndani, akatoa mkono wenye unga mweusi. Akatuita.

"Tazameni hapa ubavuni, kwa ndani. Mnaona duara hili lililosuguliwa likaiva? Na unga huu ni raba iliyosagika. Sasa tazameni huku juu. Kipande hiki cha ritredi bado kimeshika, hata kwa bisibisi hakitoki. Kazi ya aliyevalisha ilikuwa nzuri."

"Kwa hiyo ni mwendo?" nikauliza haraka. Mungu anisamehe, niliuliza kwa furaha.

"Hapana, mama. Mwendo unaacha alama nyingine. Hili lilikuwa linatembea bila upepo wa kutosha, tena na mzigo juu yake, tena kwa muda mrefu. Hata lingekuwa jipya la dukani lingekufa hivi hivi." Akavua ile taa. "Nani huwa anashughulikia upepo kwenye gari hili?"

Wenzangu, niliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Mimi," nikasema. "Nayapumzisha Mombo."

Akaomba nimweleze. Nikamweleza yote, kijiti, thelathini, hamsini. Hakucheka. Akaniambia ameshawahi kusikia habari hiyo kwa magari ya mlimani, ila hajawahi kumwona mwenye kuifanya.

Nikabisha, kwa kweli nilibisha sana. Nikamwambia tairi lenye joto likibaki na upepo wote litapasuka, mtoto mdogo anajua. Akaokota kipande cha waya chini, akakikunja na kukikunjua, akakikunja na kukikunjua, upesi upesi, mahali pamoja, halafu akaniambia, "Shika hapo."

Nikashika. Nikakiachia. Kilichoma!

"Hakuna moto hapa, mama. Ni kukunjwa tu. Tairi lenye upepo wake linasimama imara. Ukilitolea upepo linajikunja kila linapozunguka, na huko kujikunja ndiko kunakolipika. Upepo ukiongezeka kwa joto la safari, tairi limetengenezwa kulivumilia hilo. Kipimo ni asubuhi, likiwa limepoa. Wewe ulitaka lipoe, kumbe ulikuwa unalichochea."

"Na la ndani?"

"La ndani ulilichochea zaidi."

Kwa huruma! Nilikuwa nahesabu hamsini kwa huruma.

Nikageuka nimtazame Salehe. Hakuwa amenikasirikia kama nilivyotegemea. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta mikono isiyo na uchafu.

"Mwaka mzima, dada," akasema. Halafu akatoka nje akaenda kukaa kwenye ngazi ya lori.

Sikumfuata.

Siku mbili za kusubiri

Fundi Mishi aliyakagua matairi yetu yote sita. Aliyagonga kwa nyundo ndogo akisikiliza, akayapanua, akaingia na taa. Matairi manne yalipita. Mawili hayakupita, na hamhitaji kuuliza yalikuwa yapi: yale yaliyokaa ndani, niliyokuwa nayahesabia hamsini. Yalikuwa yameanza lile duara la kuiva. "Zilikuwa zimebaki safari chache tu," akasema, nami nikamshukuru Mungu tulishuka bila mzigo.

"Kwa hiyo tufanyeje?" nikamuuliza. "Ritredi zinafaa au hazifai? Niambie neno moja."

"Neno moja siwezi, mama. Mwili wa tairi ukiwa mzima na upepo ukitunzwa, ritredi inafaa, tena inafaa sana. Mwili ukiwa umeiva, hata uvalishe dhahabu. Na mbele usifunge. Nyuma moja likikorofisha lina mwenzake wa kushikilia. Mbele hakuna mwenzake, na ninyi mna kona zile."

Aliposema hayo Salehe alikuwa amesharudi, amesimama mlangoni. Nikamwambia, "Wewe ndiye unayeshika usukani. Sema wewe. Ukitaka mapya yote sita, tutayatafuta, hata tukisubiri msimu upite."

Aliyatazama yale manne yaliyopita. Kisha akasema, "Mbele mapya. Nyuma avalishe haya manne."

"Ritredi? Wewe?"

"Nimelisema vibaya tairi hili mwaka mzima na halikuwa na kosa," akasema. "Mimi najua hali hiyo ilivyo."

Nililia, tena mbele za watu, na Fundi Mishi akaniletea kiti.

Siku mbili tulizosubiri nilikula mihogo ya nazi na samaki mpaka binti wa shangazi akaniuliza kama mlimani kuna njaa. Salehe alikula kidogo. Alikuwa ananijibu, hana chuki, ila ananijibu kwa ufupi, kama mtu anayehesabu maneno. Siku ya pili jioni nilimkuta barazani.

"Nilisema wakigundua ni tairi, utawaambia watu," akasema bila kunitazama. "Sasa si tairi wala si mimi."

"Nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

"Ilivyo."

Akatikisa kichwa, sikujua kama ananiamini.

Kurudi

Lakini asubuhi tulipolitoa lori pale bandani! Limesimama juu kidogo, kashata nyeusi, meno tupu, nami nikalizunguka mara tatu nikilipapasa. Tulipakia chumvi na nazi ili tusirudi watupu. Salehe mwenyewe akapima upepo, moja moja, likiwa bado baridi, kwa kipimo kipya.

Jua lilipopanda tukiwa karibu na Korogwe, nilianza kutapatapa kwenye kiti. Kila tukisimama nashuka, nagusa tairi, linachoma, natazama valvu, mkono unaniwasha. Salehe ananiangalia kwenye kioo.

"Dada. Panda."

"Nagusa tu!"

"Panda."

Mombo nilikaa juu ya mikono yangu, sitanii, nikautoa mmoja tu wa kushika kijiko. Salehe alikwenda akachungulia matairi, akarudi akakaa, akasema, "Yamesimama kama yalivyotoka Tanga." Na alitabasamu. Tabasamu la kwanza tangu mwaka jana, wallahi. Nilitaka kupiga vigelegele hotelini.

Tukaupanda mlima. Mvua ilitukuta juu ya Soni, barabara ikawa inateleza, na gari likashika kona zile kama limezaliwa nazo. Salehe alikuwa anaimba. Ritredi nne chini yetu, na Salehe anaimba! Nilipiga dashibodi kwa mikono miwili kumfuatisha, tukaingia Lushoto hivyo.

Malindi, asubuhi ya kupakia

Sasa ndipo mlipokuwepo wengi wenu, lakini wapo waliokuwa mashambani, na wapo walioniambia baadaye kwamba hawakusikia vizuri kwa kelele za mizani. Narudia kwa maandishi.

Tulifika pale watu wanapokusanya mizigo. Malori mengine matatu yalikuwa yanapakia. Letu likasimama, hakuna aliyelisogelea. Mama Elia alikuwa ameketi juu ya magunia yake, anasubiri gari la mtu mwingine. Salehe alibaki kwenye usukani, dirisha wazi.

Nikapanda nyuma ya lori ili nionekane. Nikasema hivi: Tairi lililochubuka Mkata halikuchubuka kwa mbio za Salehe. Hakukimbiza gari siku ile na hajawahi kulikimbiza. Aliyeliua ni mimi, kwa mkono huu, nikitoa upepo Mombo, na kabichi za Mama Elia zilioza kwa sababu yangu. Na aliyeeneza habari za Salehe ni mimi pia. Nilisema jambo nisilolijua, nikalisema sana. Kuanzia leo atakayemwita Mbio aje kwanza anichagulie mimi jina langu.

Dereva wa gari la jirani, kijana wa Lukozi, akauliza kwa wasiwasi, "Mama Zuhura, ina maana hata sisi tusitoe upepo Mombo?" Nikamwambia aje nimshikishe waya. Wengine wakacheka, lakini Mama Elia hakucheka.

Aliinuka pale kwenye magunia. Nikadhani anakuja kwangu, na nilikuwa tayari kwa lolote atakalosema. Akanipita. Akaenda mpaka kwenye mlango wa dereva.

Salehe akateremka upesi, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Na hapa niwaambie kitu ambacho wengi wenu mmekiona mkanyamaza kama mimi. Tangu kabichi zile zioze, Salehe amemwamkia mama huyu kila walipokutana, dukani, njiani, kisimani, hata msibani kwao. Na kila mara alipita kama hakusikia. Mtu mzima na watoto wake, anaamkia, anaachwa na shikamoo yake mkononi mbele za watu, na kesho yake anaamkia tena. Mimi nilikuwa naona. Nilikuwa nageuza uso, kwa sababu maneno yaliyomfikisha pale yalikuwa yangu.

Mama Elia alimtazama kwa muda.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Kisha tena, "Marahaba." Kisha ya tatu, na ya nne, akimshika mkono, akiitikia pole pole moja moja, mpaka Salehe mwenyewe akashindwa kuzuia machozi.

Halafu akaugeukia mlango wa lori, akaupiga kofi. "Haya, rudisha gari nyuma," akamwambia. "Kabichi zangu zinaanza kupigwa na jua."